Joseph Lister, Bingwa wa Kinga

Nilipopasuliwa kidole tumbo, nilidungwa sindano kabla kisu hakijanigusa. Nikamwuliza muuguzi, mbona dawa na kidonda bado sina? Akacheka, akasema ni ya kuwangojea viini mlangoni. Niliporudi shuleni nikafukua vitabu nijue wazo hilo lilianzia wapi. Kumbe kuna mzee aitwaye Joseph Lister!

Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili, 1827, huko Upton, Uingereza. Mwaka wa 1860 akawa profesa wa upasuaji Glasgow, Skotlandi. Jamani, siku hizo upasuaji haukuwa mchezo! Mgonjwa alivumilia kisu, kisha kidonda kikaoza akafa. Wengi walisingizia hewa mbaya. Lister aliposoma kazi za Mfaransa Louis Pasteur, aling'amua kuwa adui ni viini visivyoonekana kwa macho.

Tarehe 12 Agosti, 1865, alimtibu James Greenlees, mvulana wa miaka 11. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limemvunja mguu hadi ngozi ikapasuka. Mara nyingi mguu kama huo ulikatwa. Lister hakungoja usaha. Alikifunika kidonda kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki. Baada ya siku nne akafungua: usaha hakuna! Baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeunga. Mtoto mdogo kuliko sisi akabaki na mguu wake.

Awali, kati ya wagonjwa 35 aliowakata viungo, 16 walikufa. Baada ya kuanza kutumia dawa hiyo, walikufa 6 kati ya 40. Hata hivyo, madaktari wengine walimbeza. Yeye aliendelea, wala hakuwa mkaidi: alipoona kupuliza kaboliki hewani hakuna faida, aliacha.

Alifariki tarehe 10 Februari, 1912, kabla penisilini haijagunduliwa. Basi sindano yangu haikuwa dawa yake, lakini nia ni ile ile: kisu kikikata, dawa iwe imeshafika. Ndiyo maana hutolewa muda mfupi kabla ya upasuaji, wala haiendelezwi ovyo, maana viini huzoea dawa.

Kinga ni bora kuliko tiba. Methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi, ila maana yake nimefunzwa na kovu langu, lililopona bila tone la usaha.