Usiku mmoja wa Ibn Battuta Mvita

Kila msimu wa wageni unapokaribia, pale barazani kwetu Mji wa Kale jina la Ibn Battuta halikosi kutajwa. Hutajwa kwa fahari, utadhani ni jamaa aliyekuwa akiishi kichochoro cha pili. Mmoja atasema alikaa hapa miezi mitatu, mwengine atasema alioa hapa. Nami simo nje ya lawama. Nilisomea utalii, nikapata diploma, nikatembeza wageni miaka kadhaa, na wote hao niliwaambia kwamba bwana huyu alikaa Mombasa mwezi mzima. Hakuna aliyenisahihisha. Siku nilipokaa na kukisoma kitabu chenyewe niliona haya. Alilala Mvita usiku mmoja tu, kesho yake akapanda chombo kwenda Kilwa.

Basi leo wacha nilipe deni.

Alizaliwa Tangier, nchi ya Moroko, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Alitoka kwao Juni 1325 akiwa na miaka 21, nia yake kuhiji. Alitoka peke yake, bila rafiki wala msafara wa kuambatana nao. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuachana nao kulimuuma. Alipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwapokea jamaa zao waliokuwemo msafarani, yeye hakusalimiwa na mtu, akalia hadharani. Mimi humpendea hapo. Wasafiri wengi wakiandika habari zao hujifanya mashujaa tangu siku ya kwanza.

Hija aliipata, lakini kurudi nyumbani hakurudi. Kutoka Makka akazunguka Iraki, Uajemi na Yemen, kisha akateremka na pwani yetu. Wengi wanaihesabu safari hiyo kuwa ya mwaka 1331. Mogadishu alikuta vijana wakitoka na vyombo vidogo kuilaki jahazi, kila mmoja na sinia ya chakula iliyofunikwa, wakiwagawana wafanyabiashara: huyu mgeni wangu, na huyu mgeni wangu. Mkikumbuka vijana wetu wa ufukweni mtacheka. Tofauti ni kwamba wale wa Mogadishu walianza kwa kulisha kabla ya kuuza.

Yeye, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa sultani. Hapo ndipo kalamu yake inapopata utamu. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli kwenye sahani kubwa ya mbao, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na bakuli la maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Aliletewa na tambuu na popoo. Akavishwa nguo ya kufunga kiunoni, maana wenyeji hawakuwa na mazoea ya suruali. Miaka karibu 700 imepita. Ingia nyumba yoyote Kibokoni siku ya arusi uniambie ni kipi hapo ambacho hukijui.

Kisha Mombasa. Alituona watu wasiolima nafaka, wanaoletewa chakula kutoka kwengine, walaji wa ndizi na samaki. Alitaja ndimu, na tunda linalofanana na zeituni lakini tamu sana. Ukilisoma jina alilolipa, huoni tunda jengine ila zambarau. Alitusifu kwa dini na uaminifu. Misikiti aliikuta ya mbao, imejengwa vizuri, na penye milango yake pana visima. Maji huchotwa kwa chombo cha mbao chenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Hiyo ni kata, ndugu msomaji, si kitu chengine! Watu huosha miguu, wakajipangusa kwenye mkeka mzito mlangoni, ndipo wakaingia.

Ana fumbo moja. Amesema baina ya Mombasa na nchi ya Sawahili ni mwendo wa siku mbili baharini. Wajuzi wamelijadili hilo sana. Mimi husema labda alifika siku ambayo feri ya Likoni imeharibika.

Kilwa alimkuta Sultani Hassan, maarufu kwa ukarimu, aliyeivua kanzu yake mwenyewe kumpa fakiri kutoka Yemen. Hayo tunapenda kuyasimulia. Tusilopenda kusimulia ni kwamba kitabu hichohicho kinaeleza jinsi sultani yule alivyokuwa akiivamia bara na kuteka nyara, na mwandishi anayapitisha hayo bila kukunja uso. Yeye mwenyewe alikuwa na watumwa, akawanunua na kuwapa watu zawadi. Wake alioa na kuacha kila bandari. Mwanachuoni alikuwa, malaika hakuwa.

Kutoka pwani alizunguka tena hadi akafika Delhi, ambako Sultani Muhammad bin Tughluq alimpa ukadhi. Huko ndiko alikokula sambusa na kuieleza: nyama iliyosagwa, lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, ndani ya mkate mwembamba, ikakaangwa kwa samli. Msione ajabu nikitaja chakula kila mara. Yeye ndiye aliyenizoesha.

Mwaka 1341 sultani alimtuma ubalozi China. Vyombo vilivyobeba zawadi vikazama Calicut, naye akaogopa kurudi Delhi. Akaishia Maldives, akawa kadhi tena, akaoa wake wanne, akajaribu kuwalazimisha wanawake wa visiwani wajifunike vifua, akashindwa.

China alifika, ingawa wapo wanaotilia shaka alifika umbali gani. Kama alizua, basi alizua vizuri. Katika mji aliouita Khansa, ambao leo ni Hangzhou, mtoto wa amiri alimpeleka matembezi ya mfereji. Vyombo vilijaa, matanga ya rangi, vivuli vya hariri, watu wakaanza kupigana vita vya mchezo, wakitupiana machungwa na ndimu. Mimi huenda Lamu kila nikipata nauli kutazama mashindano ya jahazi na ya punda, na nakiri ningeyaacha yote kwa jioni moja ya machungwa yale. Usiku huohuo alitazama mchezaji kiini macho aliyemfanya kijana apande kamba hewani, kisha viungo vyake vikaanguka chini kimoja kimoja. Moyo ulimwenda mbio mpaka akapewa dawa. Kadhi aliyeketi karibu naye akamtuliza kwamba yote ni mazingaombwe.

Sasa nifike ninapopaogopa. Mwaka 1348 alirejea Damascus. Miaka mingi nyuma alikuwa amemwacha hapo mke mjamzito. Akiwa India alisikia amezaa mtoto wa kiume, akampelekea babu wa mtoto dinari 40 za dhahabu. Sasa akauliza habari za mwanawe. Akaambiwa alikwishafariki miaka 12 iliyopita. Akamtafuta mtu wa Tangier aliyekuwa akikaa mjini, akamuuliza wazazi. Baba alikufa miaka 15 nyuma, mama yu hai. Akafunga safari ya nyumbani, na tauni ikiua watu kila mji anaopita. Mwaka 1349, akiwa Taza, karibu kabisa na kwao, akapata habari kwamba mamake amekufa kwa tauni. Alichokwenda kukizuru Tangier ni kaburi.

Mdogo wangu yuko Ghuba mwaka wa tisa. Babetu alipofariki alizikwa kabla ya alasiri, naye akapata habari yuko kazini. Kipande hiki nilimsomea kwa simu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama mametu bado anapika mahamri kila Ijumaa. Nikamwambia bado.

Ibn Battuta hakukaa. Alikwenda Andalusia, na mwaka 1352 akavuka Sahara hadi Mali. Huko alikula sima ya kitu kama jimbi pamoja na wenzake, wote sita wakaugua, mmoja akafa. Alipoambiwa zawadi ya sultani imefika, alitaraji mavazi na fedha. Akakuta mikate mitatu, kipande cha nyama ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akaangua kicheko. Lakini siku ya Idi alishangilia kumtazama mkalimani wa sultani akicheza na upanga, na vijana wakipinduka hewani. Anayejua kirumbizi chetu anaijua raha hiyo.

Alirudi Fez kwa amri ya sultani wake, akasimulia yote kwa karani aitwaye Ibn Juzayy, na kitabu kikamalizika mwishoni mwa 1355. Baadhi ya maandishi yake yalikuwa yamepotea alipoporwa huko bahari ya Hindi, hivyo mengi aliyatoa kichwani. Alikuwa na miaka 51. Zaidi ya miaka 20 tangu usiku ule mmoja, alikuwa bado anakumbuka urefu wa mpini wa kata.