Bartholomäus Ziegenbalg, Mjumbe Kijana wa Tranquebar

Mwezi huu twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa walimu wa vijijini, maisha ya Bartholomäus Ziegenbalg, mmoja wa wamisionari wawili wa kwanza wa Kilutheri waliopelekwa India. Alifika huko angali kijana. Lugha ya wenyeji hakuijua wala mila zao, na wakubwa waliotawala mahali pale, ingawa walikuwa Wakristo kwa jina, hawakumtaka. Vijana wetu nao hutumwa kufanya kazi ya Bwana mbali na kwao, kwa hiyo tuangalie jinsi huyu alivyoyachukua mambo hayo.

Alizaliwa mwaka wa 1682 katika mji mdogo wa Pulsnitz, nchi ya Saxony, Ujerumani. Wazazi wake walikufa yeye angali mtoto. Husimuliwa ya kuwa mama yake alipokuwa kufani aliwaonyesha watoto wake Biblia, kuwa ndiyo hazina anayowaachia. Kijana huyu alisoma kwa bidii, hata akafika Halle, kwa mwalimu mashuhuri August Hermann Francke. Lakini mwili wake ulikuwa dhaifu, na mara kwa mara ugonjwa ulimkatiza masomo.

Siku zile Mfalme Frederik wa Nne wa Denmark alikuwa na mji mmoja katika pwani ya India, upande wa mashariki, jina lake Tranquebar. Wafanya biashara wa Denmark walikuwa wamekaa humo tangu mwaka wa 1620, wakijenga boma na kununua bidhaa. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyetumwa kuwahubiri wenyeji, ambao ni Watamil. Mfalme akatafuta watu wa kwenda, wakapatikana wawili, Ziegenbalg na rafiki yake Heinrich Plütschau. Waliwekewa mikono huko Copenhagen, na mwisho wa Novemba 1705 wakapanda marikebu. Marikebu ikapita Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na tarehe 9 Julai 1706 ikatia nanga mbele ya Tranquebar. Kesho yake Ziegenbalg alitimiza miaka 24.

Walipokelewa vibaya. Mkuu wa boma, Johan Sigismund Hassius, alikuwa mtumishi wa Kampuni ya biashara, na Kampuni iliogopa kwamba mahubiri yataleta fitina na kuharibu faida. Walipokwisha kushuka pwani aliwangojesha mchana kutwa, kisha akawaacha njiani wakati wa jioni bila nyumba wala mwenyeji, ingawa walikuwa na barua ya mfalme mikononi. Mtu mmoja aliyewahurumia ndiye aliyewapatia mahali pa kulala. Basi vijana hawa walianza kuona kwamba shida yao haitatoka kwa Watamil peke yao. Ndani ya boma mlikuwa na kanisa na mapadre, lakini wengi walishughulika na fedha, ulevi, na watumwa wao. Na mwenyeji aliyeyatazama maisha yao aliona ni haki kuuliza Ukristo umewafaa nini.

Ziegenbalg hakukaa kulalamika. Aliona jambo la kwanza ni kujifunza. Alijifunza Kireno, maana kilisemwa sana katika miji ya pwani ile, kisha akajitia katika Kitamil, ambacho ni kigumu sana kwa mgeni. Hakukuwa na kitabu cha kumfundisha. Kwa hiyo alimwajiri mwalimu mmoja mzee, akamwomba alete shule yake nyumbani kwao. Naye msomi wa Halle akaketi chini pamoja na watoto wadogo, akiandika herufi mchangani kwa kidole kama wao. Walimu wetu waliofundisha chini ya mti watalifahamu jambo hili vizuri. Baadaye alimpata Mtamil mwingine aliyejua lugha za Ulaya, akamweleza maana ya maneno. Alishika utaratibu wa kusoma kila siku, saa kwa saa, na haukupita muda mrefu aliweza kuhubiri bila mkalimani.

Tena alitafuta vitabu vya Watamil wenyewe, vilivyoandikwa kwa kalamu ya chuma juu ya majani ya mvumo, akavikusanya zaidi ya mia. Na hapa moyo wake ukageuka. Alikuwa amekuja akidhani, kama walivyodhani watu wengi wa Ulaya, kwamba hawa ni watu wasio na elimu wala adabu. Alipovisoma vitabu vyao aliona wana sheria, mashairi na mafundisho ya mwenendo mwema, hata katika mambo fulani Wakristo wa bomani wangeona haya mbele yao. Hakuacha kuamini kwamba wanamhitaji Kristo. Lakini tangu hapo alikaa nao na kuzungumza nao kama mtu anayeongea na wenye akili. Aliwauliza maswali, akaandikiana nao barua juu ya imani.

Tarehe 12 Mei 1707 wakabatizwa watu wa kwanza, nao walikuwa watumwa watano wa mabwana wa Denmark. Mwaka ule ule vijana wale wawili walijenga kanisa dogo, wakaliita Yerusalemu Mpya, nalo likafunguliwa tarehe 14 Agosti. Wakaanzisha shule, na ya wasichana pia, jambo lisilokuwa la kawaida siku zile.

Hata mwaka wa 1708 likatokea jaribu kubwa. Mjane mmoja wa Kitamil alikuwa na shauri la deni, na aliyeshindana naye alikuwa mtumishi wa Kampuni. Ziegenbalg aliona mjane anaonewa, akamtetea mbele ya mkuu wa boma. Hassius akakasirika, akatuma askari kumkamata, akamfunga ngomeni muda wa miezi minne. Mwanzoni hata kalamu na wino alinyimwa. Wakristo wapya wakatishwa, na wengine wakatawanyika. Kwa nje ilionekana kazi imekwisha. Lakini alipofunguliwa mwaka wa 1709 aliianza tena pale ilipokatika.

Kabla ya kufungwa alikuwa ameanza kutafsiri Agano Jipya, na mwezi wa Machi 1711 akalimaliza. Waingereza wa London walimpelekea mtambo wa kupigia chapa, na kutoka Halle zikaja herufi za Kitamil zilizotengenezwa kwa madini. Mwaka wa 1715 Agano Jipya lote lilikuwa limepigwa chapa huko huko Tranquebar, nalo ni Agano Jipya la kwanza kuchapwa katika lugha yo yote ya India. Akaendelea na Agano la Kale hata kitabu cha Ruthu.

Lakini yalimpata mambo mengine yaliyomchoma kuliko gereza, kwa sababu yalitoka kwa waliomtuma. Mwaka wa 1713 alituma Halle kitabu kikubwa alichoandika juu ya miungu ya Watamil, ili wamisionari watakaokuja wajue watu wanaamini nini. Francke hakukubali kukichapa, maana aliona kazi ya mjumbe ni kuiondoa dini ile, wala si kuieneza habari yake Ulaya. Kitabu kikakaa miaka mingi, kikachapwa Madras mwaka wa 1867. Tena wakubwa wa misioni huko Copenhagen walimwandikia barua kali, wakimlaumu kwa ajili ya majengo, shule na gharama, kwa kuwa walitaka wajumbe wazunguke wakihubiri tu, mfano wa mitume. Barua hiyo ilimkuta mgonjwa. Alikuwa amekwisha kujenga kanisa kubwa jipya la Yerusalemu Mpya, lililowekwa wakfu Oktoba 1718. Tarehe 23 Februari 1719 alifariki, akazikwa ndani ya kanisa hilo. Alikuwa na miaka 36, na usharika aliouacha ulikuwa wa watu yapata 250.

Hesabu hiyo ni ndogo mtu akiitazama kwa macho ya biashara. Lakini mwaka wa 1733 Mtamil jina lake Aaron aliwekewa mikono, akawa mchungaji wa kwanza wa Kilutheri katika wenyeji wa India. Wadenmark waliuza Tranquebar kwa Waingereza mwaka wa 1845, na Kampuni yao haipo tena. Kanisa la Yerusalemu Mpya lasimama hata leo, na mkuu wa Kanisa la Kilutheri la Watamil, lililopata kujitegemea mwaka wa 1919, huitwa Askofu wa Tranquebar. Sisi nasi tuna sehemu katika habari hii, maana Misioni ya Leipzig, iliyorithi kazi ya Tranquebar katika karne ya 19, ndiyo iliyotuma wajumbe wake Kilimanjaro mwaka wa 1893.

Basi ninyi mnaotumwa kwa watu msiowajua, iwe ni kabila jingine au mji mkubwa ambao watu wake hawana haja na kanisa, yatazameni maisha haya. Msianze kwa kudharau. Ketini kwanza na watoto mchangani, mjifunze lugha yao na yale wanayoyapenda na kuyaogopa, kisha semeni. Mkiona jina la Bwana linatukanwa kwa ajili ya Wakristo waliofika kabla yenu, wateteeni wajane, ili watu waione imani yenu katika matendo. Na barua kali ikiwafikia kutoka kwa waliowatuma, ijibuni kwa upole, nanyi msiiache kazi. Mungu awatie nguvu wote walio ugenini kwa ajili ya Injili, na kwetu sisi tuliobaki atupe moyo wa kuwaombea na kuwasaidia. Amina.