Elizabeth Blackwell, Mtunza Majina ya Mimea

Wapo matajiri huko ng'ambo wanaowinda vitabu vikuukuu vya mimea, vile ambavyo maua yake yalitiwa rangi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, kabla ya mitambo ya kuchapisha rangi kuenea. Baadhi yao huvihifadhi vikiwa kamili. Wengine huvichana na kuuza picha moja moja ili zitundikwe ukutani. Kwangu mimi mwanaisimu, kuvichana ni hasara kubwa. Ili nibainishe sababu, naomba niwasimulie walimu na wanafunzi maisha ya Elizabeth Blackwell, aliyeishi London katika karne ya 18.

Mumewe, Alexander, alikuwa Mskoti msomi asiyetulia. Alifungua kiwanda cha kupigia chapa bila kupitia uanagenzi uliotakiwa katika kazi hiyo. Wenye kazi yao wakamshtaki, akatozwa faini, akafilisika na hatimaye akafungwa katika jela ya wadeni. Mkewe akabaki na mzigo wa deni lisilokuwa lake.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Elizabeth alijua kuchora, naye akatambua kwamba waganga walihitaji kitabu kipya cha mimea ya dawa, kwani mingi ilikuwa imeletwa kutoka Marekani na kwingineko. Akahamia karibu na bustani ya wauza dawa iliyoanzishwa Chelsea mwaka wa 1673. Tabibu mashuhuri Hans Sloane alimtia moyo, naye Isaac Rand, msimamizi wa bustani hiyo, akampatia mimea ya kuchora.

Kazi ya aina hii kwa kawaida iligawiwa mafundi kadhaa: mmoja achore, wa pili achonge bamba la shaba, wa tatu atie rangi. Elizabeth alizifanya kazi zote tatu peke yake. Kuanzia mwaka wa 1737 hadi 1739 alitoa picha nne kila wiki, pamoja na maelezo yake, mpaka zikatimia 500. Kitabu kikaitwa A Curious Herbal. Ndani yake mna nyanya na kahawa, mimea ambayo leo haimshangazi mtoto yeyote wa Kenya. Chuo cha matabibu cha London kikakiidhinisha.

Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ni majina. Katika maelezo, mimea ilitajwa kwa Kilatini, kwa Kiingereza na kwa lugha nyinginezo. Inasimuliwa kwamba Alexander ndiye aliyeyakusanya majina hayo akiwa gerezani. Faida yake ni dhahiri. Mmea mmoja huweza kuwa na majina kumi, na jina moja huweza kubeba mimea mitatu, mmoja wao ukiwa sumu. Picha ndiyo huamua ni mmea upi unaotajwa, na jina ndilo huifungulia picha mlango wa maarifa. Picha za Elizabeth zilikuwa katika kurasa zake na maelezo katika kurasa nyingine; kwa hiyo anayekichana kitabu ili auze picha huitenga na sehemu kubwa ya maarifa hayo.

Mapato ya kitabu yalimkomboa Alexander. Ole wake, hakutulia. Mwaka wa 1742 alikwenda Sweden, na mwaka wa 1747 akakatwa kichwa huko kwa tuhuma za kula njama dhidi ya serikali. Elizabeth alifariki mwaka wa 1758, akazikwa Chelsea. Kitabu chake kiliendelea kuishi: huko Nuremberg, tabibu Christoph Jacob Trew alianzisha toleo jipya, kubwa zaidi, lenye maelezo ya Kijerumani na Kilatini, ambalo lilikamilika mwaka wa 1773.

Sisi nasi tuna la kujifunza hapa. Profesa John Kokwaro alituonyesha njia mwaka wa 1976 alipochapisha kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, akaweka majina ya lugha zetu kando ya yale ya kisayansi. Lakini kazi hiyo haiwezi kuachiwa mtu mmoja. Mwarobaini na mshubiri vinajulikana na wengi, ila kuna miti shamba ambayo jina lake liko katika kinywa cha mzee mmoja wa kijiji tu. Akizikwa, mti utabaki umesimama, lakini maarifa yake yatakuwa yamekwenda.

Kwa hiyo nawahimiza walimu wenzangu: wapeni wanafunzi daftari na penseli za rangi. Wauchore mmea ukiwa mbichi, waandike jina lake kwa lugha ya mama na kwa Kiswahili, na wataje matumizi yake kama walivyoelezwa na wazee. Kisha daftari hizo zitunzwe maktabani zikiwa kamili, mtu asichomoe picha akaacha majina.