Askofu Augustino wa Hippo

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste. Mji huo ulikuwa katika nchi ambayo leo inaitwa Algeria, Afrika ya Kaskazini. Siku hizo Warumi ndio waliotawala huko.

Alipokuwa mtoto hakupenda shule, kwa sababu walimu walimchapa viboko. Lakini alikuwa na akili nyingi. Alisoma mpaka akawa mwalimu wa ufasaha wa kusema. Alifundisha Carthage, kisha akavuka bahari akafundisha Roma na Milano.

Alipata sifa, lakini moyo wake haukutulia. Kwa miaka mingi aliishi na mwanamke bila kufunga ndoa, wakazaa mtoto wa kiume. Halafu akaachana na mama huyo ili aoe mke wa ukoo wenye mali. Mama akarudi Afrika peke yake, mtoto akabaki na baba. Ndoa ile ya mali haikufungwa. Mwaka 387 Augustino alibatizwa pamoja na mwanawe. Mama yake Monika, aliyemwombea kwa miaka mingi, alifurahi sana.

Mwaka uliofuata alirudi Afrika. Baadaye akawa askofu wa mji wa Hippo, kwa miaka zaidi ya thelathini. Aliamua mashauri ya watu. Aliyeyusha vyombo vya thamani vya kanisa ili kuwakomboa mateka.

Tena aliandika vitabu vingi. Katika kitabu chake cha Maungamo hakujisifu. Alieleza makosa yake waziwazi, ingawa sasa alikuwa mtu mkubwa. Alieleza hata jinsi yeye na wenzake walivyoiba matunda usiku. Hawakuwa na njaa, na mengi waliwatupia nguruwe.

Mwaka 430 jeshi la Wavandali liliuzunguka mji wa Hippo. Augustino alikuwa mgonjwa. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, azisome akiwa kitandani. Alizisoma huku akilia. Alikufa tarehe 28 Agosti. Hakuandika wosia wa mali, kwa kuwa hakuwa na mali. Aliagiza vitabu tu vitunzwe vizuri.

Baadaye mji ulichomwa moto, lakini vitabu vyake vilisalimika. Karibu miaka 1,600 imepita, na watu wa nchi nyingi bado wanavisoma. Yule mtoto aliyeichukia shule amekuwa mwalimu wao.