Mahjub bin Adam, Askari Aliyenyimwa Nishani

Muhula uliopita niliwachukua wanafunzi wa Kidato cha Tatu mpaka stesheni ya Same, tukakaa kivulini, nami nikawaeleza jinsi Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopita hapa petu mwezi wa Mei 1916. Majeshi ya Mwingereza, chini ya Jenerali Smuts, yalishuka kutoka upande wa Moshi yakifuata reli na mto Pangani, na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, wakarudi nyuma stesheni kwa stesheni, Lembeni, Same, Makanya, Hedaru, hata Mkomazi, huku wakiharibu reli nyuma yao. Mwanafunzi mmoja akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. Alitaka kujua kama askari Waafrika waliopigana upande wa Mdachi walilipwa mshahara wao baada ya kushindwa, na kama walilipwa, ni nani aliyekuwa na majina yao.

Nilimjibu kwa maneno machache, kwa kuwa gari moshi la mizigo lilikuwa linaingia na hakuna aliyenisikiliza tena. Lakini njiani kurudi shuleni niliona haya, maana nazijua habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yote ni jibu la swali lile. Basi nazileta hapa.

Mtu huyo alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa Msudani, askari katika jeshi la Mdachi, tena mwenye cheo cha efendi. Nadhani wengi wenu hamkujua kwamba neno letu la afande limetoka katika cheo hicho. Mtoto alijifunza Kijerumani mapema, na kabla hajafika umri wa miaka kumi alikuwa akifanya kazi ya ukarani katika kiwanda huko Lindi. Vita vilipoanza mwaka wa 1914, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Mahjub aliwekwa miongoni mwa wanafunzi wa kupeleka ishara. Alikuwa na miaka kumi. Wasomaji wa Kidato cha Kwanza na watulie kidogo wakumbuke walikuwa wakifanya nini walipokuwa na umri huo.

Vita vilivyoondoka hapa Upareni viliendelea kusini mwezi baada ya mwezi. Mwezi wa Oktoba 1917 majeshi mawili yakakutana Mahiwa, si mbali na Lindi, wakapigana siku nne, na hapakuwa na pigano kali kuliko hilo katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki. Mahjub alijeruhiwa hapo, Waingereza wakamshika mateka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wakubwa wake, chini ya Lettow-Vorbeck, waliendelea kuhangaika porini, Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, mpaka wakaweka silaha chini Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918.

Baada ya vita alitumikia melini kama boi, na kutoka mwaka wa 1925 alikuwa mtumishi wa mezani katika meli za kampuni ya Kijerumani zilizopita pwani yetu. Mwaka wa 1929 alisafiri mpaka Berlin, na shabaha yake ilikuwa moja: kudai mshahara wa vita ambao haukulipwa, wake mwenyewe na wa baba yake. Akaenda katika Wizara ya Mambo ya Nje. Jibu likawa kwamba amechelewa kuleta madai, muda wake umekwisha. Mtu aliyesafiri bahari mbili akaambiwa hivyo na karani aliyekaa kitini.

Hakurudi. Alibaki Berlin na kujiita Bayume Mohamed Husen, na kwa jina hilo ndiyo anajulikana vitabuni. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani katika nyumba kubwa ya starehe iliyoitwa Haus Vaterland. Mwezi wa Januari 1933 akamwoa mwanamke aliyeitwa Maria Schwandner, na siku tatu tu baada ya arusi yao Hitler akapewa serikali. Hata sisi tusioamini nyota tunaweza kusema kwamba arusi hiyo ilipata siku mbaya.

Mwaka wa 1934 serikali ya Ujerumani ilianzisha nishani kwa watu wote waliotumika katika vita vya 1914 hadi 1918, Msalaba wa Heshima. Haikuwa nishani ya mashujaa wachache. Waliopata walihesabika kwa mamilioni, hata wajane na wazazi wa waliokufa walipewa ya namna yao. Iliyotakiwa ni barua ya maombi na uthibitisho kwamba mtu alitumika. Husen alitumika, alipigana, alijeruhiwa, alifungwa mateka. Akaomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele. Akanyimwa.

Alifanya jambo ambalo wengine wamelicheka, lakini mimi sijaweza kulicheka. Alikwenda kwa muuzaji wa vitu vya jeshi, akanunua nishani kwa fedha yake, akazivaa juu ya sare ya askari.

Naomba ruhusa ya kupita kando kidogo. Babu yangu, mtu wa Gonja, alikuwa katika jeshi la KAR katika vita vya pili, akafika hata Burma. Kitabu chake cha kuachia jeshi tulikuwa nacho nyumbani ndani ya kopo, na ukurasa wa nishani ulikuwa mtupu. Karani mmoja alikuwa ameandika jina la kijiji mahali pa jina la baba. Baba yangu aliandika barua kwa muda wa miaka mitatu kwa ofisi moja, na jibu lililokuja lilisema kwamba mtu wa jina hilo hayumo daftarini. Lilikuwa jibu la kweli kabisa, maana mtu wa jina hilo hakupata kuwako duniani! Mwisho baba alimpata mzee wa Usangi ambaye namba yake ya jeshi ilifuatana na ya babu, wakiwa wameandikishwa siku moja, na ile namba ndiyo iliyofungua mlango. Nishani zilikuja babu akiwa amekwisha kufa. Nimeyaeleza haya ili msomaji ajue kwa nini nilipoisoma habari ya Husen na muuzaji wa nishani nilifunga kitabu, nikatoka nje.

Turudi Berlin. Husen alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha huko, kwa mshahara mdogo sana, akiwasaidia maprofesa ambao majina yao yamo katika historia ya lugha yetu. Mwaka wa 1935 alipoteza kazi yake Haus Vaterland. Akaigiza katika filamu zaidi ya ishirini, karibu kila mara kama mtumishi, mchukuzi wa mizigo au boi, pamoja na waigizaji waliokuwa maarufu Ujerumani nzima. Tena alikwenda katika mikutano ya watu waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni yake, akasimama pale na sare yake kama ushahidi kwamba Waafrika walimpenda Mdachi. Jambo hili halipendezi kulisoma sisi ambao babu zetu walichapwa kiboko cha ishirini na tano. Lakini mtu anayetaka kumbukumbu ya askari isahihishwe hawezi kuandika yale mazuri tu na kuyaacha haya. Vita vya pili vilipoanza mwaka wa 1939 alijitolea tena kuingia jeshi la Ujerumani. Wakamkataa.

Sasa nifike mahali ambapo habari hii inagusa jirani zetu. Filamu ya mwisho aliyoigiza, iliyotoka mwaka wa 1941, ilihusu maisha ya Carl Peters, na Husen alikuwa ndani yake Ramasan, kiongozi wa njia wa Peters. Mnamjua Peters. Wazee walimpa jina la Mkono wa Damu. Mwaka wa 1891 alikuwa mkubwa wa Wadachi mlimani Kilimanjaro, mlima tunaouona kutoka Ugweno siku isiyo na mawingu, na huko alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na baadaye msichana Jagodja. Hata Wajerumani wenyewe walichukizwa, na mwaka wa 1897 baraza lao la nidhamu lilimfukuza katika utumishi kwa aibu. Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka wa 1937, Peters akiwa amekwisha kufa karibu miaka ishirini, Hitler aliifuta hukumu ile kwa amri yake mwenyewe. Kumbukumbu ya utumishi ya mnyongaji ikasafishwa, wala hapakuwa na karani aliyesema kwamba muda umekwisha. Serikali ile ile ilikuwa imekataa kumwandikia Husen kwamba aliumia Mahiwa.

Wakati wa kutengeneza filamu hiyo alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, mtu akamchongea, na mwaka wa 1941 polisi wa siri wakamkamata kwa shtaka la kuchafua taifa lao. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akakaa huko zaidi ya miaka mitatu, akafa tarehe 24 Novemba 1944. Alikuwa na umri wa miaka arobaini.

Nishani hakupewa hata leo. Lakini mwaka wa 2007 mwanachuoni wa Kijerumani, Bibi Marianne Bechhaus-Gerst, alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka huo huo jiwe dogo lenye bamba la shaba likawekwa njiani mbele ya nyumba alimokaa, mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, mfano wa mawe yanayowekwa kwa watu waliouawa na serikali ya Hitler. Mwaka wa 2013 ikatengenezwa filamu juu yake, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa habari.

Na yule mwanafunzi wa stesheni, jibu lake ni hili. Wengine walilipwa katika miaka ya 1920. Waliobaki walingoja mpaka miaka ya 1960, Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipokubali kuwalipa wazee waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba wazee wengi walifika kupokea fedha bila karatasi yo yote, na mtu wa benki akampa kila mmoja fagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na kwamba hakuna mzee hata mmoja aliyekosea. Kama ilikuwa hivyo, basi daftari lilikuwa mikononi mwao.

Nina ombi kwa wanafunzi na kwa wazazi watakaosoma ukurasa huu. Nyumba nyingi za Gonja, Mbaga, Chome, Usangi na Ugweno zina kitabu cha jeshi ndani ya sanduku, au barua, au nishani iliyopoteza utepe. Msisugue nishani kwa majivu, wala msiandike juu ya karatasi. Nakilini namba ya jeshi kwanza, kisha jina kama lilivyoandikwa, hata kama limekosewa, kisha jina lenyewe la kweli kama mzee wa nyumba anavyolitaja, mniletee katika chumba cha walimu siku yo yote isipokuwa Ijumaa. Nimeanza daftari. Mpaka sasa lina majina kumi na moja, na la babu ni la kwanza.