Apolo Kivebulaya, baba wa watoto asiowazaa

Hapa Bunia nyumba nyingi zinalea watoto waliopoteza wazazi vitani. Tunaujua uzito wake: chakula kidogo, pesa ya masomo, na siku ile mtoto anapouliza mama yake yuko wapi.

Tumkumbuke Apolo Kivebulaya, mzaliwa wa Buganda. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka 1896 akafika Boga, kusini mwa Bunia. Alipigwa na kufungwa kwa ajili ya Injili, lakini alirudi. Mwaka 1903 akawekwa kuwa kasisi. Aliishi bila mke, lakini nyumba yake haikukosa watoto. Aliwapokea watoto wa wengine, akawalisha, akawafundisha kusoma. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, si mashariki kwao. Watu aliowapokea walikuwa wamekuwa jamaa yake.

Nasi tusimtenge mtoto tuliyempokea, wala kwa sahani wala kwa maneno. Na wazazi wake tuwataje mbele yake bila woga. Kulea hakufuti kuzaa.