Harry Thuku na mshahara uliokuwa kwenye kipande

Msikilizaji, mara nyingi kibarua na mwajiri hukubaliana mshahara kwa mdomo tu, na siku ya malipo kila mmoja anakuwa na kiasi chake. Leo tunamkumbuka mtu aliyepigania mshahara wa wafanyakazi zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu, nchini Kenya. Alisoma shule ya misheni, akafanya kazi ya kupanga herufi kwenye gazeti Nairobi, kisha akapokea simu katika ofisi ya serikali.

Wakati huo kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni. Aliyekijaza ni mwajiri. Wafanyakazi wengi hawakujua kusoma, basi walibeba maandishi wasiyoweza kuyahakiki. Na mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, kibarua hakupata kazi kwingine.

Mwaka 1921 walowezi waliamua kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Aliyelipwa shilingi 12 angebaki na 8. Thuku aliunda chama kupinga hatua hiyo, pamoja na kipande na kodi.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika Nairobi kudai aachiliwe, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu watu 21 waliokufa. Wengine walisema ni zaidi. Mmoja wao ni Mary Nyanjiru. Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa kizuizini karibu miaka tisa. Baadaye alilima kahawa, na alifariki mwaka 1970.

Leo sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Mzozo ukifika mahakamani naye hana mkataba, mzigo wa kuthibitisha makubaliano unamwangukia yeye.

Hata hivyo, tusiache kumbukumbu zote mikononi mwa mwajiri. Omba nakala ya mkataba. Usifute ujumbe wa malipo kwenye simu. Andika daftarini siku ulizofanya kazi, na majina ya waliosikia mkikubaliana.